Nilipowafasiria Mashekhe

Mie napenda watu waje. Nikiona viatu vimejaa mlangoni moyo wangu unafunguka kama naolewa upya. Basi Ijumaa ile zamu ya mashekhe ilipofika kwetu Ibra, huku Omani, tangu alfajiri nilikuwa jikoni namgombeza mkwe wangu. "Usilitie maji mengi tui hilo, mwanangu, hatuoshi gari."

Hao mashekhe ntakwelezeni ni nani. Ni mashekhe wetu sie weusi, maimamu wa misikiti midogo midogo na walimu wa Kurani. Wengi wazee wao walitoka Unguja na Mombasa, wengine asli yao huku huku, lakini rangi ndo hii hii. Kuna wa Sur, ndo mkubwa wao, kuna wa Jalan, kuna wawili wa Nizwa, na mwanangu anasalisha msikiti wa mtaani kwetu. Wanakutana kwa zamu. Wanasali pamoja, wanasoma, wanakula, wanataniana, kisha wanakaa kusikiliza shida za watu wasokuwa na wa kuwasemea. Khadama, mtumishi wa nyumbani, kakatazwa kwenda kwao, mgeni kafa hapana wa kumwosha, mambo kama hayo. Wao ndo wanakwenda kwa kafili, yule mwajiri anayemdhamini mgeni, na kanzu zao safi na vilemba, wanabisha hodi, wanazungumza kwa adabu. Mtu akiona vilemba vitano mlangoni kwake anaona haya kukataa.

Mwanangu akanambia, "Mama, wasichana wanaokuja wanasema Kiswahili cha bara, na sisi chetu ni cha kuombea chai. Wewe utatufasiria."

Nilivimba hapo, wallahi. Skuli mie sikwenda, nimeishia chuoni, juzuu amma, na hiyo nayo kwa bakora. Leo mashekhe wazima wananingojea mie nifungue mdomo. Nikajifunga kanga mpya juu ya nguo mpya, nikakaa mlangoni baina ya majlis, ukumbi wa wanaume, na chumba cha wanawake, pazia begani.

Akaja msichana wa Tanga. Namjua, anafanya kazi nyumba ya tatu, kwa rafiki yangu niliyekua naye pamoja Unguja. Alikuwa hajatimiza mwaka huku, Kiarabu chake taali, ruhi, khalas, yaani njoo, nenda, basi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Sema, usiogope. Na useme Kiswahili cha watu, usinisemee kile cha kwenye simu."

Akacheka kidogo, kisha machozi yakamtoka. "Mama anaumwa, bibi. Hawezi hata kunyanyuka. Naomba waniombee ruhusa nikae naye. Hana mtu mwingine wa kumwangalia."

Sasa nisikilizeni. Huku khadama humwita mama yule mwenye nyumba. Nyumba zote ndo hivyo, mama kasema, mama kaenda sokoni, mama kalala. Na rafiki yangu kweli mgonjwa, magoti yamekufa, na mtaa mzima tunajua binti yake wa Maskati anamtaka huyu msichana akamlelee watoto. Basi kichwani mwangu hadithi ilikwisha kabla mwenyewe hajamaliza kuisema. Nikawageukia mashekhe nikawamwagia Kiarabu. Msichana ana imani huyu, anamlilia bibi mwenye nyumba wake mgonjwa, hataki kupelekwa Maskati, anataka abaki naye hapa hapa.

Shekhe wa Sur akatikisa kichwa. "Subhanallah. Sisi tunaletewa waliokimbia, huyu anaomba kubaki."

Shekhe mmoja wa Nizwa, mcheshi yule, akasema, "Muulize ana dada? Mke wangu anatafuta."

Wakacheka, nami nikacheka. Msichana kusikia kicheko akanivuta kanga. "Wamekubali, bibi?"

"Wamekubali, mwanangu. Tulia."

Wakamwombea dua mama mgonjwa. Msichana akaitikia amin, mikono kaifungua mbele ya uso. Wao wana mama wao, yeye ana mama yake, na mie katikati nimejaa furaha.

Baada ya alasiri wakaenda, wakarudi wanang'ara. Mtoto wa rafiki yangu, ndo kafili, kawapa kahawa na halwa, kasema hapana neno, Maskati hendi tena, atakaa na mama mpaka mkataba umalizike. Nikapiga kigelegele pale pale, nikamkamata msichana mabega. "Khalas. Utakaa na mama."

Akapiga magoti akanishika miguu. Kisha akainua uso. "Bibi, tiketi ni ya lini?"

"Tiketi ya wapi?"

"Ya Tanga."

"Tanga kuna nini?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyepotea. "Si ndiko aliko mama."

Haya zilinipanda tangu nyayoni. Kama ni neno tu limenipotea ningesema uzee. Neno nalijua, nani asiyelijua mama. Lakini haikunijia kabisa kama yule msichana ana mama. Kila asubuhi namwona anamwaga maji barazani kwa rafiki yangu, naitikia shikamoo yake, na kwangu mie mtu yule alianza siku aliyoteremka kwenye ndege. Nani basi anafikiri hivyo? Mie, mweusi, niliyeondoka Unguja nalia jina la mama yangu njia nzima.

Ikabidi niliinue lile pazia. Walikuwa wamekaa kwenye sinia la wali, mwanangu tonge mkononi. Nikawaambia. Shekhe mcheshi hakucheka. Shekhe wa Sur akaosha mkono wake taratibu, akasema, "Kwa hivyo tumekwenda kumfunga wenyewe."

Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Akasema tu, "Turudi. Na wewe mama twende, ukaseme mwenyewe."

Tukarudi. Yule kafili, kijana niliyempa vitumbua tangu mdogo, akasimama mlangoni. "Mashekhe, sasa hivi mlinitaka asiondoke. Nimeshagombana na dada yangu kwenye simu kwa ajili yenu."

Wote wakatazama zulia. Wanaume wanaosalisha watu, wameinamisha vilemba kwa ulimi wangu. Nikamwambia, "Mwanangu, hawana kosa hawa. Ni mie nimefasiri vibaya. Mama mgonjwa ni mama yake aliyemzaa."

Rafiki yangu, kwenye kiti chake, akashtuka. "Ana mama mgonjwa? Mbona hakunambia?"

Msichana alikuwa nyuma yangu. Akasema kwa sauti ndogo, "Nilikwambia, mama. Ukasema na wewe unaumwa."

Kafili akasema, "Mngenambia hivi tangu mwanzo ningempa leo leo. Sasa niacheni, nitaangalia."

Kuangalia kwake kulikwenda mwezi na ushei. Kila Ijumaa shekhe wa Sur alipanda gari yake akaja mpaka Ibra, akaingia majlis ya kijana yule, akanywa kahawa, akaulizia mitende, akaondoka. Msichana hamtaji hata mara moja. Mwisho kijana mwenyewe ndo akamtaja, na pasi yake ya safari, aliyokuwa kaishikilia, ikatoka. Mie nilimpikia msichana visheti vya njiani. Akanishukuru, ndo kwanza nikaona haya zaidi.

Juzi kaniletea sauti kwenye simu. Mjukuu wangu akanifungulia, tukasikiliza sote. Anasema kafika salama. Anasema mama yake alikata kauli, hawezi tena kusema, siku chache kabla yeye hajafika, lakini anasikia na anamjua. Kisha nikamsikia anamwinamia mtu, anasema, "Mama, huyu ndiye bibi aliyenisemea kwa mashekhe mpaka nikaja. Mwambie ahsante."

Ikaja sauti nyingine, haina maneno, inajikaza, inarudi, inajikaza tena.

Mjukuu wangu akanipa simu. "Mjibu, bibi. Bonyeza hapa useme."

Nikabonyeza. Mie ambaye mtaa mzima unanijua kwa domo hili, nilikaa na simu mkononi, inarekodi pumzi zangu tu, mpaka mtoto akaichukua, akafuta.