Mwisho Alioukata Machibya

Machibya alikuwa anapiga picha za harusi pale Bariadi mjini, lakini ole wako umwite mpiga picha, atakununia mwezi mzima. Yeye alikuwa dairekta. Filamu zake chache alizitengeneza kwa kamera hiyohiyo ya harusi, na kila aliyeketi naye kwenye chai alipewa somo la bure.

"Runinga ni shemeji," alipenda kusema. "Anashinda kwako, anaongea kutwa, na wewe unaendelea kumenya viazi. Sinema ni mkwe. Unaoga, unavaa, unamfuata kwake na unakaa kimya."

Akiulizwa habari za taharuki, alisogeza kikombe pembeni kwanza. "Ng'ombe akiibwa, hiyo ni habari tu. Lakini muone mwizi kajibanza zizini, halafu mwenye ng'ombe anakuja kufunga lango huku anapiga mluzi. Wewe unajua, yeye hajui. Utamaliza kucha zote!"

Filamu iliyompa jina ilimhusu ajuza anayeshukiwa uchawi. Kwa nafasi hiyo alimpata Nyanjige, mjane wa Nkololo, ambaye macho yake yalikuwa mekundu, alama ya mchawi kwa watu wa huko, ila yeye ni kwa moshi wa kupikia mavi makavu ya ng'ombe, maana kuni huko ni za kutafuta kwa tochi. Bibi aliigiza kwa furaha tupu; maishani mwake alikuwa hajawahi kupigiwa makofi. Katika onyesho la mwisho ilibainika kwamba mtoto aliyesemekana amemroga aliuawa na malaria, na wanakijiji wakamwomba bibi msamaha.

Onyesho hilo Machibya akalikata. Mkewe, Flora, alimuuliza kulikoni.

"Jibu linaua filamu," akasema. "Mtazamaji amalizie mwenyewe."

Ilionyeshwa siku ya gulio, kwenye banda la video la Ngassa kulekule Nkololo. Nyanjige aliketi mbele kabisa kwenye kigoda, akijicheka kila alipojiona. Machibya alisimama mlangoni kutazama nyuso za watu, kama kawaida yake. Katikati ya filamu akaona vijana wameacha kutazama skrini. Walikuwa wanamtazama bibi. Bibi hakujua. Machibya alijua, na Mungu amsamehe, kitu cha kwanza kilichomjia ni fahari kwamba filamu imewashika.

Siku chache baadaye mtoto wa jirani yake Nyanjige akafa kwa homa. Ngassa akapiga simu.

"Kaka, huku wanasema mayu, yule bibi yako, kajionyesha mwenyewe kwenye muvi kuwa ni mchawi. Njoo umchukue."

Machibya alikuwa na harusi Maswa. Akajibu kwamba gulio lijalo ataleta lile onyesho lililokatwa, walione, yaishe. Kumchukua bibi hakukumwingia akilini hata kidogo. Alikuwa ameshaanza kupanga namna ya kuwashangaza watu.

Nyanjige hakulifikia gulio. Walimkata mapanga jikoni kwake, akiwa ameinama anapuliza moto.

Machibya alikwenda hivyohivyo. Flora alimkataza, hakusikia. Banda lilijaa hadi nje, ila kigoda cha mbele hakuna aliyekikalia. Kwenye skrini bibi akatokea mzima, wanakijiji wakampigia magoti, naye akawainua mmojammoja huku akicheka kile kicheko chake cha pengo. Machibya alilia palepale mlangoni mbele ya watu, kwa uchungu na kwa kujichukia, na hakujali nani anamwona.

Filamu ilipoisha watu walitoka. Mzee mmoja muuza kamba alisimama mbele yake, akamshika bega kwa upole.

"Umefanya vizuri, kijana wangu," akasema. "Ila ile ya kwanza ndiyo ilikuwa ya kweli. Hii inaonekana kabisa umetunga."