Mwalimu Gertruda na Ripoti ya Mwanafunzi Mkimya

Saa mbili asubuhi, baridi ya Julai bado haijaondoka Mkumbi, na Mwalimu Gertruda Ndunguru ameshika chaki huku nusu ya kiganja ikiwa ndani ya sweta. Ubaoni ameandika sentensi moja: "Mwanafunzi huyu hana mchango wowote darasani."

"Maana yake mnaijua," anawaambia kidato cha tatu. "Nipeni toni. Aliyeandika alikuwa katika hali gani?"

Mikono inainuka. Anachaguliwa Vitalis, ambaye mkono wake hupumzika saa ya chakula tu.

"Mwalimu, huyo alikuwa amechoka."

Darasa linacheka. Mwalimu hacheki, kwa sababu aliyeandika ni yeye.

Ana miaka arobaini na tisa, na ishirini na miwili ameimaliza akifundisha Kiswahili vijijini. Darasa hili lina wanafunzi sabini na mmoja, wanaogawana nakala kumi na mbili za makala aliyoitoa kivuli Mbinga mjini. Ikifika jioni miguu imevimba.

"Nimechoka, sitakudanganya," ananiambia pembeni, kabla sijauliza. "Lakini uchovu si ruhusa ya kumharibia mtoto wa mtu."

Makala hiyo, aliyoikata kwenye gazeti la zamani, inawatetea watu wakimya. Wanafunzi huitafutia hoja, ushahidi na toni. Ni somo linalowagusa, maana hata huku mtu asiyesema kikaoni huambiwa ana kiburi, au kuna jambo analificha.

Darasa hili alianza kulifundisha makala hiyo Mei. Mara ripoti za kufunga shule zikadaiwa, na madaftari yalikuwa bado mezani, hayajaguswa. Akajaza sehemu ya maoni kwa kukumbuka mikono tu. Waliozoea kuinua mkono wakasifiwa. Benadetha, msichana wa dirishani ambaye hajawahi kuinua wake, akaandikiwa sentensi ile.

Baba yake, Hyasinti, mkulima wa kahawa wa Namswea, aliisoma ripoti mara mbili. Shule ilipofunguliwa, binti hakurudi.

Mwalimu alimfuata shambani. Alimkuta baba anachuma, na binti yuko mstari wa pili na kikapu chake. Benadetha alisema "Shikamoo, Mwalimu," akaendelea kuchuma.

"Mwalimu, ulioandika ni mkono wako, nami nakuamini," Hyasinti alimwambia kwa upole. "Mtoto asiyechangia kitu darasani, huku anachangia."

"Angenitukana ningejitetea," anasema Mwalimu Gertruda. "Aliniamini."

Kilichomuuma zaidi ni kwamba jibu la kumpa Hyasinti tayari alikuwa nalo nyumbani. Wakati wa likizo alikuwa amesahihisha yale madaftari, akalifikia la Benadetha. Analitoa kwenye mkoba na kulisoma polepole:

"Mwandishi anasema anatutetea sisi wakimya, lakini toni yake ni ya mtu anayemwombea mgonjwa. Hoja yake ni kwamba wakimya wana akili nyingi, ila ushahidi hakutoa. Na mkimya mwenye akili za kawaida, yeye asivumiliwe?"

Mwalimu analifunga daftari. Anasema amefundisha makala ile kwa madarasa manne na swali hilo halikuwahi kumjia.

"Mtoto ameona toni ya mtu asiyemjua gazetini. Unadhani ya kwangu hakuiona?"

Jina la Benadetha bado limo katika kitabu cha mahudhurio, wiki ya tatu sasa likiwekewa alama ya kutokuwepo. Mkuu wa shule amekubali ripoti iandikwe upya. Jumapili, baada ya misa, Mwalimu atashuka tena Namswea na ripoti hiyo pamoja na daftari. Hyasinti ameahidi kusikiliza, hakuahidi zaidi.

"Nitamsomea mwenyewe, mpaka mwisho. Binti simwombi aseme neno."

Kengele inalia. Wanafunzi wanabanana watatu watatu kwenye madawati, ila nafasi ya dirishani iko wazi. Mwalimu amekataza isikaliwe.

"Akirudi sitamwita ubaoni," anasema, akijifuta chaki kwenye sketi. "Akae pale pale, anyamaze. Safari hii nitaanza na daftari."