Kimya cha Mama Siku ya Mahafali

Swali nilimwuliza mama mwezi mmoja kabla, kwa simu ya matroni, huku nimeziba sikio moja kwa sababu ya wasichana waliokuwa wakigombania ndoo. Nikimaliza mtihani, naweza kwenda Kitale kwa mama mdogo nijifunze kompyuta nikisubiri matokeo? Upande wa pili, kule Kakuma, nilisikia upepo, nikasikia mbuzi, halafu sauti yake: "Nitakujibu nikija." Simu ikakatika. Kwa hiyo kwa wenzangu siku ya mahafali ilikuwa siku ya joho na keki. Kwangu ilikuwa siku ya jibu, na wiki nzima usingizi ulinipaa.

Si kwamba sikuuelewa ugumu wake. Dada yangu mkubwa alikwenda kuishi Eldoret, akaja nyumbani Krismasi ya kwanza, akaja ya pili, kisha akawa mtu wa salamu za simu. Nyumbani nikabaki mimi. Kila likizo nilisaidiana na mama kubeba makaa kutoka upande wa Lopur hadi kambini, tukiwauzia wakimbizi wa Sudan Kusini, na gunia likimshinda njiani ni mimi niliyelimalizia. Nililijua hilo vizuri, na bado nilitaka kwenda mpaka kifua kikaniuma. Ndivyo nilivyokuwa mwaka ule wa 2013: nikikaa nataka kusimama, nikisimama nataka kukimbia.

Majoho ya kukodi yalikuja shuleni kwetu Lodwar kwa basi kutoka Kitale, ya buluu, yakinuka jasho la wahitimu wa shule nyingine. Shule ilikuwa na wasiwasi nayo. Mwaka uliotangulia wazazi waliwabariki watoto wao kama tunavyobarikiwa sisi Waturkana siku zote: mzazi anatafuna tumbaku, anakurushia mate yake kichwani na kifuani, na njia yako inafunguka. Majoho yakarudi na madoa ya kahawia, mwenyewe akaja juu, naibu wa mwalimu mkuu akaapa haitatokea tena. Kwa hiyo zamu yetu ikaja na amri mpya, kwamba tumbaku yote iachwe langoni. Bawabu akasimama pale na katoni tupu ya biskuti.

"Ejok, mama. Tumbaku weka hapa, jioni nyinyi nachukua," alimsalimia kwa Kiturkana na kumwambia kila aliyeingia. "Mimi hapana mwizi, mimi nafuata sheria tu."

Akina mama walinung'unika, wakamtukana kidogo, wakaweka. Nilikuwa nimesimama pale langoni tangu uji wa asubuhi, naangalia barabara. Mama alifika na lori la kwanza kutoka Kakuma, vumbi hadi kwenye kope, shanga zimempanda mpaka kidevuni, amejifunga shuka jipya nisilowahi kuliona. Nikamkimbilia. Bawabu akamsogezea katoni, naye mama akafungua viganja vyake, vitupu, akatikisa kichwa. Akanishika mkono, tukapita. Hakusema neno.

Mama yangu, bila tumbaku! Huyu ni mwanamke ambaye angesahau viatu nyumbani kabla ya kusahau tumbaku. Nikapiga hesabu zangu haraka: kama hakubeba tumbaku, hakuja kunibariki, na kama hakuja kunibariki, Kitale niisahau.

Nilimkalisha chini ya turubai, mbele kabisa, nikachuchumaa karibu yake.

"Safari ilikuwaje, mama?"

Akapunga mkono, nikaelewa ilikuwa mbaya lakini imekwisha.

"Mbuzi wazima?"

Akafumba macho na kuyafumbua.

"Umenikasirikia?"

Akaangalia jukwaani.

Rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja miaka minne, msichana wa Sudan Kusini kutoka kambini, alikuja kumsalimia. Makaa waliyopikia kwao karibu yote yalipita mgongoni mwa mama, kwa hiyo walijuana kabla yangu. Mama alimkumbatia kwa nguvu, akampigapiga mgongoni, kimya vilevile. Rafiki yangu akanivuta kando.

"Mama yako iko na nini leo? Mama hii naongea kushinda redio."

"Sijui!" nikamjibu kwa ukali ambao hakustahili, naye akanicheka, maana alinizoea.

Hotuba zikaanza. Kaunti ilikuwa changa, na afisa wake mmoja alikuwa na maneno ya kutosha kaunti kumi. Aliongea juu ya mafuta yaliyo chini ya ardhi yetu, akaongea juu ya maji yaliyo chini ya ardhi yetu, akatuacha sisi juu ya ardhi yetu tukiwa na kiu. Ndani ya joho nilikuwa nachuruzika jasho. Kila dakika niligeuka kumwangalia mama, na kila mara nilikuta macho yake yananisubiri, lakini mdomo umefungwa kama mlango wa duka siku ya Jumapili.

Ndipo tukaanza kuitwa mmoja mmoja. Mwanafunzi alipita mbele na mzazi wake, mzazi akamvika shada la karatasi za kumetameta, na hapo vigelegele, nyimbo, kurukaruka, vumbi kutimka hadi juu ya turubai. Mama mmoja alimwimbia mwanawe mpaka mwalimu wa zamu akamwomba apumzike. Zamu yangu ilipofika, mama alinivika shada la zambarau, akaninyooshea kola. Mwalimu mkuu akamkabidhi kipaza sauti amwambie binti yake neno moja tu. Mama akakisukuma pembeni kwa vidole viwili. Watu wakacheka, wakadhani anaona haya. Haya gani? Mama yangu hamwogopi chifu wala askari wa lango la kambi. Nilirudi kwenye kiti kwa hasira, na chini ya hasira kulikuwa na woga.

Wakati wa chakula alikataa pilau. Akakataa soda, kwenye joto lile la Lodwar. Nikala sahani yake na yangu na sikusikia ladha ya yoyote.

Lori la Kakuma lilipiga honi nje ya lango mchana bado mkali. Nikarudisha joho, nikamsindikiza mama nikiwa na sare yangu tu. Akina mama walikuwa wameizingira katoni wakinusa vifurushi na kubishana hiki ni cha nani. Mama aliwapita bila kuwaangalia, akaelekea kwenye lori, na mimi nikapasuka.

"Kama hutaki niende, si useme! Mwezi mzima nangoja, halafu unakuja kuninyamazia mbele ya watu!"

Wote wakageuka. Mama akarudi. Akanishika mabega, akapapasa shati langu kuhakikisha joho limekwenda kweli. Kisha akanikamata kichwa kwa mikono miwili, na kupitia lile pengo la meno ya chini aliyong'olewa kimila usichanani, akanirushia mate ya tumbaku. Kwenye paji la uso, mashavuni, kifuani, tena na tena, ya kahawia, makali, mpaka macho yakanitoka machozi. Tumbaku ilikuwa shavuni mwake siku nzima. Amri ile aliisikia kwa wanawake wenzake ndani ya lori, na angefungua mdomo hata kunisalimia, bawabu au walimu wangeiona.

"Mama! Wewe nadanganya mimi!" bawabu akapaza sauti, akicheka hadi akaegemea lango.

Mama akatema kilichobaki, akajifuta, na kwa mara ya kwanza siku ile nikaisikia sauti yake, imekauka.

"Dada yako aliondoka nikiwa nimenuna. Sikumtemea mate. Wewe hutaondoka hivyo." Akanishika kidevu. "Nenda Kitale. Ukipata kazi huko, kaa huko. Usirudi kwa ajili ya gunia, nitalibeba."

Nikikumbuka alivyopanda lile lori hucheka peke yangu hata sasa. Kabla hajakaa vizuri alikuwa ameshaanza kuongea, maneno ya siku nzima yakimmwagika, na wanawake wenzake wakishika mbavu. Nilikuwa nimepata nilichotaka, chote, bila sharti. Lori likaanza kusogea. Nami nikajikuta nalikimbilia kwa nyuma, nalia, nampigia dereva kelele asimame, nipande, twende nyumbani.