Sarafu katika Sahani ya Baba

Sioni haya kusema kwamba nilikuwa mhudumu wa mkahawa mjini Wete. Haya aliiona baba kwa niaba yetu sote.

Siku ya kwanza mwenye mkahawa, mtu aliyewahi kukaa Mombasa na kurudi na ujanja wa huko, aliniambia bila ya kupepesa macho kwamba mshahara ni mdogo, uliobaki watanijazia wageni kwa bakshishi. Nikamuuliza, wageni wenyewe wanalijua hilo? Akacheka. Tabasamu tu, akasema, watatoa. Yaani yeye aipate kazi yangu kwa nusu bei, na nusu ya pili mie niisake kwenye nyuso za watu! Wenyeji hawakuwa na mambo hayo. Mpemba akishiba humshukuru Mungu, hukuombea dua, akaenda zake. Chakula kishalipiwa, amlipe na aliyekibeba? Waliotoa ni Wazungu, nao walianza kuja wachache wachache miaka ile.

Nyumbani, kijijini Ole, nilimwambia baba kuwa pesa zote ni mshahara. Nilimwongopea, na sina la kujitetea.

Siku moja alikuja Wete kufuata dawa ya macho, akapita kuniona. Nikamkalisha dirishani, nikamletea wali na samaki, nikajiona nimefika. Meza ya pili Mzungu mmoja akainuka, akanitia noti kiganjani. Nikapiga goti kidogo, nikaipokea kwa mikono miwili, nikatoa lile tabasamu la kazi. Macho ya baba yalikuwa mabovu, lakini hilo aliliona.

Ijumaa nilipokwenda nyumbani nilikuwa na maneno tayari. Kwetu jirani akikuletea chakula, sahani yake huirudishi tupu. Utatia chochote, hata vipande viwili vya muhogo. Nikamwambia baba bakshishi ndiyo hiyo hiyo: mgeni nimempelekea chakula, naye hakupenda sahani irudi tupu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

“Jirani akintilia muhogo, kesho na mie namtilia,” akasema. “Weye yule Mzungu utamtilia nini?”

Nikainuka, nikaenda jikoni.

Mama alikwisha kufariki, kwa hivyo nikiwepo nyumbani mie ndiye niliyempakulia. Siku ile nilimpikia muhogo wa nazi na papa. Akala, akanawa, akatia mkono mfukoni mwa koti, akaweka sarafu katikati ya sahani. Nilidhani mzaha, nikamrudishia. Akaiweka tena, taratibu, akatoka kwenda msikitini.

Tangu hapo ikawa ndiyo ada. Chai ya asubuhi, sarafu. Futari ya Ramadhani, sarafu, na majirani wamekaa wanatazama. Nikagomba, nikalia, mwisho nikaacha kazi nikarudi Ole kulima. Nikamwambia, baba, nimeacha. Akasema ni vizuri, na jioni ile akaweka sarafu. Alisema hawezi tena kujua anayempakulia ni nani, binti yake au yule wa Wete aliyepiga goti. Wallahi nilimchukia mzee wangu. Nilimpikia kwa hasira, chumvi nikazidisha makusudi, naye akala yote na akalipa. Sikuzitumia sarafu zake hata moja. Nilizitia katika kopo la maziwa, likajaa, nikatafuta la pili.

Miaka mitano tulikula hivyo, mtu na mwanawe, kama mteja na mhudumu. Nilichokitaka kwake kilikuwa kimoja: ale chakula changu, aniachie sahani tupu.

Kisha akaugua. Macho yalikuwa yamekwisha kabisa, na mwili nao ukafuata. Nikawa namlisha uji kwa kijiko. Sarafu alikuwa akiziweka chini ya mto, na kila akimaliza aliipapasa moja akaitia bakulini. Asubuhi moja akapapasa, akapapasa tena, mkono ukarudi mtupu. Uso wake ulinielekea, umejaa haya.

“Leo sina kitu, mwanangu,” akasema.

Mwanangu. Sikuwa nimelisikia neno hilo kwake tangu ile Ijumaa. Nikamfuta kidevu, nikamwambia uji ulikuwa wake, wala hakuna aliyemdai. Akafumba macho. Nikalipeleka bakuli lile jikoni likiwa tupu, nikakaa chini nalo mapajani, nikashindwa kuliosha.