Dada Wawili kwenye Basi la Evere

Vichwa viwili vya kulungu, euro quarante, arobaini. Muuzaji alitaka soixante, sitini, nikamuuliza kama na pembe zinalika. Hiyo ndiyo gharama ninayoweza kuitaja. Mengine utayasikia, na ni ya kweli. Mke wangu atakwambia mimi siongezi chumvi hata kwenye mboga.

Muuzaji ni dereva wa lori, huleta nyama ya pori kutoka nchi ya kaskazini, Norvège. Katika ukoo wetu kichwa ni cha mzee, ubongo haumegwi na mwingine. Cha kwanza alikila Tonton Déo, mjomba aliyenilea, akalamba mpaka mfupa. Cha pili nilikuwa nampelekea kwake, mtaa wa Evere, jioni ya Desemba, giza limeshaingia.

Kwenye basi mwanamke akakaa karibu yangu. Amekonda, mate yanamchuruzika, hayafuti. Akanusa mfuko wangu. Nikadhani nimepata mteja.

"Papa, huyu ni dada yangu," akasema, Kiswahili cha kwetu Bukavu kabisa.

"Maman, hii ni nyama."

"Tulizaliwa na mama moja, ugonjwa ukatuingia pamoja. Damu ya kuzaliwa nayo, yake iliukubali ugonjwa mbio. Wawindaji wakamupiga risasi amesimama tu. Yangu inauchelewesha. Banasema nimepona. Sijapona, papa, nachelewa tu. Na vile nachelewa, natembea sana, naacha mate kwa majani ya wengine."

"Bon. Unataka nini?"

"Kichwa ya kwanza, nani aliikula?"

Ungejibu wewe? Mimi niliangalia dirishani. Nilipogeuka hakuwepo, na niamini, basi halikuwa limesimama. Sakafuni palikuwa na alama za kwato, zimelowa. Nilizihesabu mara mbili: nne.

Kichwa nilikipeleka kwa daktari wa wanyama. Baadaye akanipigia simu: ugonjwa upo, unapita kwa mate, unakula ubongo, na moto wa jikoni hauuondoi. Kuna kulungu wanaozaliwa na urithi wa kuuchelewesha. Wa kuukataa kabisa yeye hamjui. Je, watu? Akasema hajasikia mtu aliyeupata kwa kulungu, bado.

Tonton ni mzima. Kila Jumapili ananitania, "Mutoto, kichwa yangu ya pili uliuzia nani?" Wote mezani wanacheka. Mimi namwangalia pembe za mdomo, kama kuna mate.

Donc, nyama ya pori usiyojua ilikotoka, iache, hata bei iwe tamu namna gani. Na nishauri, wewe uliyelelewa na mtu: nimwambie, au nimwache acheke?