Skripti ya Mkuu

Sijawahi kuona mtu anayelipwa kwa kusubiri kama Shangazi, wala anayechukia kusubiri kama yeye. Jina hilo tulimpa sisi wa ofisini, kwa kuwa humkaripia kila mtu. Kazi yake ni kukagua kumbukumbu za matukio kwenye seva arobaini, yaani kompyuta kuu za matawi yetu, zote ziko miji ya mbali, aone kama jana yake kulitokea hitilafu. Anabonyeza kitufe, skripti, yaani programu fupi ya amri, inazipitia seva moja moja, naye anakodolea macho kioo cha kompyuta kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba. Ikikwama njiani, anaanza upya.

Tatizo tulilijua wote. Skripti iliiamuru kila seva ilete kumbukumbu zake zote tangu siku ilipowashwa, halafu ndipo za jana zichambuliwe huku kwetu. Ni kama kubebewa gunia zima la mchele hadi nyumbani ili upime kikombe kimoja. Lakini skripti hiyo aliiandika Mkuu wetu kwa mkono wake, miaka kumi iliyopita, na anayeigusa kajitafutia ubaya. "Inafanya kazi," husema. Hata konokono anatembea, jamani!

Wiki ile mama yake Shangazi alifanyiwa upasuaji wa jicho. Kwa miaka sita alikuwa haoni, akimjua bintiye kwa sauti tu. Bandeji ingefunguliwa Alhamisi saa sita mchana, na mama alishamwambia, "Mtu wa kwanza kumwona nataka uwe wewe." Shangazi akaomba ruhusa. Mkuu akamwambia aende, mradi ripoti iwe mezani kwake kwanza.

Shangazi alikasirika, maana ripoti haikuwahi kutoka kabla ya saa saba. Jumatano, Mkuu akiwa kikaoni, akaandika skripti yake mwenyewe. Kila seva ijichuje huko huko iliko, ilete hitilafu za jana pekee, na zote ziulizwe kwa mpigo badala ya kupanga foleni. Alhamisi, saa mbili na dakika sita, ripoti ilikuwa mezani.

"Dakika sita?" Mkuu akashangaa. "Umeruka kitu."

"Sijaruka, bosi. Hesabu, zote arobaini zimo."

"Haiwezekani. Endesha ile yangu tulinganishe."

Nilitamani kurusha kikombe changu ukutani. Shangazi akarudi kwenye kompyuta yake. Akaiwasha, akaketi, akawa anatazama saa kuliko kioo. Saa tano na nusu skripti ilikuwa ndiyo kwanza iko seva ya ishirini na sita. Akasimama, akachukua mkoba.

"Bosi, njoo uisubiri wewe. Ni mwanao."

Akatoka. Mkuu, kwa hasira, akaketi kwenye kiti cha Shangazi. Saa moja na nusu baadaye, ikiwa seva ya thelathini na nane, mtandao ukakatika na skripti ikarudi mwanzo. "Upuuzi gani huu!" akafoka, akapiga meza. Mimi nikainamia kibodi yangu, nisionekane ninavyocheka.

Kesho yake Shangazi alinisimulia. Alifika hospitalini akihema, muuguzi ameshashika ncha ya plasta. Bandeji ikatoka. Mama akapepesa, akamtazama, kisha akanyoosha mkono akampapasa kichwani.

"Hizi mvi zimetoka wapi, mwanangu? Nilikuacha huna hata moja."

"Nilikuwa nasubiri, mama."