Ngwe ya Zuena na Majani Yaliyozoea Dawa

Huko Chanika, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, alikuwako Zuena binti Mwishehe, mwanamke ambaye akishasema "nimesema", basi kasema. Shamba la mahindi la kijiji lilikuwa kubwa, jicho halifiki mwisho, na kila mtu alipalilia ngwe yake. Zuena ndiye wa kwanza kukubali dawa ya kuua majani aliyoileta bwana shamba Theonest. Mgongo ulimsumbua, ila hilo hakumwambia mtu.

"Mama, yatakayobaki yang'oe kabla hayajatoa mbegu," Theonest alimuusia. "Ukiyaacha yatazaa wenzao wasioogopa dawa."

"Mie ning'oe? Sasa dawa ya nini?"

Mwaka wa kwanza majani yalinyauka kama yamemwagiwa maji moto. Yakabaki mashina ya hapa na pale; akayaacha, yakapukutisha mbegu. Mwaka uliofuata yakawa mengi. Wa tatu anapuliza dawa, yenyewe yanachanua, utadhani kayaogesha. Kamati ya kijiji ikakata shauri: mbegu zinaingia ngwe za jirani, asiposafisha kabla hazijakomaa, ngwe apewe mwingine. Na pale palikuwa pori, alilifyeka mwenyewe ujana wake.

Wanawake wakaja kumsaidia. "Rudini makwenu! Nani kawaambia mie mgonjwa?"

Ndipo akaja Rosalia, mtu wa kusini, mtani wake. Hakusalimu. Akaingia shambani, akainama, akawa anang'oa na kupiga kelele:

"Jamani njooni muone! Zuena anafuga majani! Atayachinja Idi!"

Mtani hafukuzwi. Hata msibani anatukana na wafiwa wanacheka. Zuena akatoka, mkono kiunoni.

"Koma, mla ming'oko, mla mizizi ya porini! Unang'oa au unanyonyoa kuku? Mzizi umeuacha!"

"Basi nionyeshe, ajuza."

Akainama amwonyeshe. Mgongo ukakataa, akabaki kashika goti. "Mwenzangu, mgongo," akasema polepole.

"Si ukae chini? Kwani majani yanataka uyasimamie kama bwana harusi?"

Wakang'oa wamekaa, wanajivuta kwa makalio, matusi yanakwenda na kurudi. Wale wanawake waliofukuzwa wakasikia vicheko, wakaingia mmoja mmoja. Safari hii Zuena hakuwaona, au alijifanya hakuwaona.

Kamati ilipofika, ilimkuta anachoma lundo la majani kando ya shamba, asibakize mbegu.

"Mnatafuta ngwe?" akawauliza. "Hii ina mwenyewe."